Sura ya Saba: Wachanga Chini ya Jiwe Moja

Ikifika saa nne asubuhi, miamba ya Capri Point hapa Mwanza imeshashika joto na mijusi wake wameshatoka nje. Dume amekaa kileleni, kichwa, shingo na mabega vikiwa na wekundu unaoelekea zambarau, na mwili uliobaki buluu iliyokolea. Anapandisha na kushusha kifua ili kila apitaye ajue kwamba jiwe lina mwenyewe. Majike wenye rangi ya udongo wametawanyika chini yake. Wachanga huwaoni mara moja. Wako pembezoni, kwenye mawe madogo yaliyomeguka, na kila mmoja yuko karibu na ufa anaoujua.

Huyu ni Agama mwanzae, mjusi aliyepewa jina la mji huu na Arthur Loveridge mwaka 1923. Loveridge alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kwenda Marekani kuhudumu katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mjusi wake anaishi pia kwenye vilima vya mawe vya Serengeti, na nje ya Tanzania yuko Kenya na Rwanda. Rangi zake zimemfanya ajulikane duniani kama mjusi wa Spider-Man, na kwa miaka mingi alikuwa akikamatwa na kusafirishwa akiwa hai ili auzwe kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani.

Lakini kati ya mijusi wanaofugwa majumbani kwa wingi zaidi duniani yuko mwingine: geko-chui, Eublepharis macularius, mwenye asili ya nchi kavu za mawe za Pakistani, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Ni mpole, mdogo, ana kope zinazofumba na hapandi kuta za kioo, kwa sababu vidole vyake havina nyayo za kunatia kama za mjusi wa darini kwetu. Mtoto wa familia ya Kitanzania anayekulia Leicester au Toronto anaweza kupewa geko-chui wawili siku yake ya kuzaliwa kabla hajawahi kuona mjusi hata mmoja wa Jiwe la Bismarck hapa Mwanza. Wawili hao huwa wachanga, na karibu kila mara huwekwa kwenye tangi moja.

Sura hii inahusu hao wawili. Ninachotaka msomaji akishike ni hiki: mijusi wachanga wanaoishi pamoja hudhuriana zaidi kwa kunyimana kuliko kwa kung'atana. Mmoja humnyima mwenzake joto, humnyima chakula, humnyima pa kujificha, na aliyenyimwa hudhoofika bila jeraha hata moja la kumshtua mwenye nyumba. Afya yao inategemea jinsi tulivyowagawia mahitaji hayo matatu.

Jiwe linavyogawa

Tazama mwamba wa Mwanza kwa siku nzima utaona jinsi unavyogawa joto. Upande wa mashariki hupata jua kwanza, na mijusi huanzia huko. Jua likiwa la utosi, uso wa jiwe huwa mkali kupita kiasi, wakahamia kivulini na kwenye nyufa. Jioni, jiwe lililokunywa jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hata baada ya jua kuzama ziwani. Mjusi hana tanuri ndani ya mwili wake kama sisi. Anachagua joto lake kwa kuhama, hatua moja huku na hatua moja kule, tena na tena. Joto hilo ndilo linalomwezesha kusaga chakula, kukua na kupigana na maradhi.

Mwamba pia umejaa nyufa za kila ukubwa. Ufa mwembamba unaomtosha mchanga haumruhusu dume kuingia, na hiyo ndiyo salama ya mchanga. Anaweza kuishi katika himaya ya mkubwa bila kukutana naye ana kwa ana. Akifukuzwa hapa, yuko pale. Chakula nacho kimetawanyika: sisimizi juu ya jiwe, panzi kwenye nyasi za chini, na mawingu ya wadudu yanayopanda kutoka ziwani kama moshi na kutua kila mahali. Hakuna sahani moja ambayo mwenye nguvu anaweza kuikalia.

Sasa fikiria tangi la kioo. Lina taa moja upande mmoja, pango moja chini ya taa, na bakuli moja la chakula. Kila kitu kizuri kiko mahali pamoja. Mchanga mwenye nguvu kidogo akilala pangoni, amechukua joto, maficho na mlo kwa mpigo. Mwenzake hana pa kuhamia, kwa sababu hatua kumi kutoka hapo anakutana na kioo.

Anayedhoofika kimya

Geko-chui jike hutaga kwa kawaida mayai mawili kwa mara moja. Watoto hutoka wakiwa na uzito wa gramu tatu hivi kila mmoja, wamevaa mistari myeusi na ya manjano. Madoa yanayowapa jina huja baadaye. Siku hiyo ya kwanza huwezi kuwatofautisha. Baada ya wiki kadhaa unaweza kukuta mmoja ana uzito mara mbili ya mwenzake, na mara nyingi watu husema huyu mdogo ndivyo alivyoumbwa. Mtenge mdogo huyo katika kisanduku chake mwenyewe, mpe joto na chakula, na mara nyingi ataanza kunenepa. Umbo lake halikuwa na tatizo. Alikuwa amekosa nafasi.

Wafugaji wa kambale kandokando ya ziwa wanalijua jambo hili vizuri. Vifaranga vya kambale vikiachwa pamoja bila kuchambuliwa kwa ukubwa, vile vinavyotangulia kukua huvila vilivyobaki nyuma, na tofauti huzidi kupanuka. Kwa hiyo mzalishaji makini huvichambua mara kwa mara, vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo. Geko wachanga nao wanahitaji kuchambuliwa hivyo, ingawa wao mara nyingi huishia kwenye kung'atana vidole na mikia.

Dalili za mapema ziko kwenye tabia. Mchanga anayeonewa hukaa upande wa baridi hata wakati wa kusaga chakula. Hutoka kula baada ya mwenzake kuondoka, au hatoki kabisa. Akikaribiwa huinua mkia na kuuyumbisha polepole. Hiyo ni ishara ya hofu na onyo, na ni tofauti na mtetemo wa haraka wa ncha ya mkia unaoonekana anapokaribia kurukia mdudu. Mwenye nguvu, kwa upande wake, hulala mahali pa moto na mara nyingi hulala juu ya mwenziwe.

Kulalana huko ndiko kunakowadanganya watu wengi. Wanapiga picha, wanasema watoto wanapendana. Mijusi hawa hawakumbatiani kwa mapenzi. Wawili wakilala wamebanana, jambo la kwanza la kujiuliza ni kama mahali penye joto panatosha mmoja tu. Weka sehemu ya pili yenye joto sawa na pango sawa, kisha tazama. Wakitawanyika, walikuwa wanagombania.

Mkia ndio ghala la geko-chui. Ndani yake huhifadhi mafuta ya siku za njaa, na mchanga mwenye afya ana mkia mnene kiasi, karibu na upana wa shingo yake. Mkia ukianza kupungua, mwili umeanza kula akiba. Lakini jicho la mtu anayemwona mnyama kila siku huchelewa kuliona badiliko hili, kwa hiyo mizani ni lazima. Mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu inatosha. Pima kila mchanga mara moja kwa wiki, siku ileile, na uandike kwenye daftari. Mchanga anapaswa kupanda wiki hadi wiki. Asiyepanda kwa wiki mbili wakati mwenzake anapanda, mtenge. Aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake, mtenge siku hiyohiyo na umtafute daktari wa mifugo.

Kugawa joto, maficho na mlo

Kwa geko-chui, sakafu ya upande wa joto iwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 26. Kwa wachanga wawili, tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 45 liwe ndilo dogo kabisa. Pima joto kwenye sakafu pale tumbo linapolala, si hewani. Chanzo chochote cha joto, iwe taa au mkeka wa umeme chini ya tangi, kiwe na kidhibiti joto, maana mkeka usiodhibitiwa huunguza tumbo la mnyama ambaye hajui kwamba moto unatoka chini.

Anayefuga Mwanza ana nafuu na ana tahadhari. Nafuu ni kwamba mchana wa mji huu mara nyingi hufika nyuzi 27 au 28, kwa hiyo mchana upande wa baridi wa tangi hauhitaji kupashwa joto. Tahadhari ni usiku wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ambapo joto linaweza kushuka hadi nyuzi 17 au 18, na usiku ambao umeme umekatika. Kipande kinene cha jiwe au matofali mawili yaliyolazwa juu ya sehemu yenye joto hubaki na uvuguvugu kwa muda baada ya umeme kuondoka. Tangi lisiwekwe kamwe dirishani kwenye jua la moja kwa moja: kioo hukamata joto, na mchanga aliyefungiwa ndani anaweza kufa kwa muda mfupi.

Kila mchanga anahitaji maficho matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na moja lenye unyevu, yaani kikopo chenye mlango mdogo na karatasi ya jikoni iliyoloweshwa ndani yake. Hili la unyevu ni la kujivulia ngozi. Wachanga hujivua mara kwa mara kwa sababu wanakua haraka, na ngozi iliyogoma kutoka kwenye ncha za vidole hukaza kama uzi mpaka damu isifike, kidole kikafa. Wachanga wawili basi wanahitaji maficho sita, na yale ya upande wa joto yasiwe mlango kwa mlango. Milango iwe midogo. Katikati weka vipande vya mawe, gome la mti au chungu kilichovunjika ili mmoja asiweze kumwona mwenzake kutoka kila pembe. Kutoonana huko kunapunguza sana kufukuzana. Sakafuni tandika karatasi ya jikoni. Mchanga uliolegea usitumike, kwa kuwa mjusi mdogo huumeza pamoja na wadudu na tumbo likaziba.

Wachanga hula kila siku, jioni giza linapoanza, kwa kuwa geko-chui ni mnyama wa magharibi na alfajiri. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho mawili ya mjusi. Panzi wadogo, chenene na mende waliofugwa kwa ajili ya chakula wanafaa. Mende wa jikoni na panzi wa shamba lililopigwa dawa hawafai hata kidogo, na vimulimuli ni sumu. Kanda ya Ziwa wapo wafugaji wa kuku na samaki wanaozalisha funza wa nzi chuma. Funza hawa ni chakula chenye thamani kubwa kwa mijusi, kwa sababu tofauti na wadudu wengi, wana kalsiamu nyingi.

Jambo hilo la kalsiamu lina uzito wake. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mchanga anayewala bila nyongeza hujenga mifupa laini. Taya hulegea, miguu hupinda, mjusi hutetemeka anapotembea. Wadudu wapakwe unga wa kalsiamu kabla ya mlo, na vitamini D3 iongezwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Lakini wachanga wakiwa pamoja unga huo hauwafikii kwa usawa: aliyekula wadudu saba kati ya kumi amekula pia kalsiamu ya mwenzake. Ndiyo maana kila mmoja alishwe peke yake. Mhamishie mmoja kwenye kisanduku cha plastiki kwa dakika kumi na tano, ahesabiwe wadudu wake, kisha arudishwe. Njia hii hukuonyesha nani anakula na nani hali, na huzuia ajali ya kawaida kuliko zote, ya mmoja kurukia mdudu akakamata kidole cha mwenzake. Wadudu waliobaki waondolewe, kwani chenene mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala.

Ugonjwa wa mmoja

Katika tangi la pamoja hakuna ugonjwa wa mmoja. Wanapita kwenye kinyesi kilekile na wanakunywa bakuli lilelile. Kinachoogopwa zaidi ni kimelea kiitwacho Cryptosporidium varanii, ambacho hushambulia utumbo wa geko. Mnyama huharisha, hutapika, hukataa kula, na mkia wake hukonda mpaka ukabaki kama njiti. Hakuna dawa ya uhakika ya kukimaliza, na klorini ya kawaida ya kusafishia haikiui. Maji yanayochemka na kukausha kabisa ndiyo silaha za nyumbani.

Kwa hiyo mgeni asiingizwe kamwe moja kwa moja kwenye tangi lenye mwenyeji, hata akionekana mzima namna gani. Akae kisanduku chake, katika chumba kingine ikiwezekana, kwa siku 60 hadi 90. Awe na bakuli lake, koleo lake na kitambaa chake. Hudumia waliozoeleka kwanza, mgeni au mgonjwa mwishoni, kisha nawa mikono kwa sabuni. Kunawa huko ni kwa ajili ya familia pia: mijusi wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na watoto walio chini ya miaka mitano hawapaswi kuwashika.

Mwanza wapo madaktari wa mifugo, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapa. Kutafuta mayai ya minyoo kwenye kinyesi kwa darubini ni kazi ya kawaida katika maabara za mifugo. Peleka kinyesi kibichi cha kila mjusi katika kikopo chake, chenye alama. Kinyesi kilichookotwa kwenye tangi la pamoja hakikuambii ni nani anayeumwa.

Siku ya kuwatenganisha

Hata wachanga walioishi salama hawataishi hivyo daima. Geko-chui madume wawili wakikomaa watapigana, na pambano hilo linaweza kuua. Mkia ukikatika hukua upya, lakini unaoota ni mfupi na mnono, hauna mifupa ndani, na akiba yote ya mafuta ya ule wa kwanza imepotea. Dume na jike wakiachwa pamoja, jike hupandwa kabla mwili wake haujamaliza kukua, na kutaga mapema hunyonya kalsiamu ya mifupa yake.

Jinsia ya geko-chui huamuliwa na joto la yai. Mayai yanayotunzwa karibu na nyuzi 26 hutoa majike kwa sehemu kubwa. Yanayotunzwa kwenye nyuzi 32 hadi 33 hutoa madume wengi. Mnunuzi mwerevu humuuliza mzalishaji joto alilotumia. Ndugu wawili waliotoka kwenye joto la juu huenda wote ni madume, na mpango wa kuwaweka pamoja umekufa kabla ya kuanza. Wakifika miezi minne hadi sita, alama zinaanza kuonekana: dume ana mstari wa vinyweleo vyenye umbo la V mbele ya tundu la kinyesi, na uvimbe wa pande mbili nyuma yake. Usisubiri alama hizo zikamilike. Tofauti ya uzito, jeraha moja, mkia unaokonda au mmoja asiyetoka maficho, kila kimoja kati ya hivyo kinatosha kuwa sababu.

Wa mwambani abaki mwambani

Msomaji wa Mwanza anaweza kujiuliza kwa nini ahangaike na geko wa Pakistani ilhali mawe ya mtaani yamejaa mijusi wazuri kuliko huyo. Jibu la kwanza ni sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Jibu la pili liko kwenye mwili wa mnyama. Agama mwanzae ni mtoto wa jua kali, anahitaji mwanga wa urujuanimno kutengeneza vitamini D3, na himaya yake ni pana kuliko tangi lolote la sebuleni. Dume mmoja akifungiwa na wachanga, hakuna ufa wa kuwaokoa. Anayetaka kuwajua aende Kisiwa cha Saanane, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini. Kisiwa hicho kilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote. Mijusi wake hawana tangi. Mwanafunzi mwenye daftari na saa mbili za subira atajifunza hapo mengi kuhusu kugawana joto kuliko atakayojifunza kwa kumfungia mmoja kwenye ndoo.

Nayo maarifa hayo ndiyo yanayopaswa kurudi nyumbani kwa anayefuga geko kihalali. Kabla ya kuchukua wachanga wawili, andaa makazi mawili kamili: joto mara mbili, maficho mara mbili, bakuli mara mbili, hata kama unadhani utaanza nao pamoja. Tangi la pili ndilo bima yao. Siku mmoja akianza kukonda hutakuwa na muda wa kwenda kutafuta fundi wa kioo. Asiye na uwezo wa kuandaa mawili achukue mjusi mmoja. Geko-chui anayeishi peke yake, mwenye joto la kuchagua na chakula chake bila kugombania, hapungukiwi na kitu, na anaweza kuishi miaka 15 au zaidi. Upweke tunaomwonea huruma ni wetu sisi binadamu, na si haki kumlipisha mchanga gharama ya hisia hiyo.